Majina Nyuma ya Picha Zako

Umetimia mwaka, Baba Yasir, tangu Jumatatu ile ya tarehe 13 Machi 2006 ulipotutoka. Kulikuwa na mvua nyembamba ya Birmingham, ile uliyokuwa ukisema si mvua, ni mbingu zinajikung'uta tu. Tulikuzika Handsworth kesho yake. Mwenyezi Mungu akurehemu, akupanulie kaburi lako na akutilie nuru ndani yake. Sisi tuliobaki bado tunakiweka kikombe chako mezani asubuhi, halafu mmoja wetu anakiondoa.

Watoto wamenipa kalamu mimi. Yasir alisema, "Mama, andika weye. Baba angependa." Nimeandika kwa wiki tatu, na Asmahan amenisomea kwa sauti ili niyasikie makosa. Kama limebaki kosa, ni langu.

Wasiokujua na wajue. Ulizaliwa Unguja mwaka 1932. Ulipiga picha za gazeti kwa miaka kumi na tatu. Mwaka 1971 ulikuja Birmingham, ukapaka rangi magari ya mizigo katika kiwanda cha Washwood Heath mpaka ulipostaafu. Ulikuwa mume wangu kwa miaka arubaini na sita. Hukunipandishia sauti, isipokuwa siku nilipoifua kamera yako pamoja na koti.

Ulikuwa mtu wa majina. Kiwandani ulimjua kwa jina kila aliyefagia, na jina la mkewe, na la mgonjwa wake. Msikitini ulichelewa kutoka kwa sababu ya kuwaamkia watu mmoja mmoja. Nilikuwa nakungoja kwenye baridi nikisema, "Haya, umewamaliza Waislamu wote?" Nawe ukajibu, "Bado mmoja, sikulipata jina la baba yake."

Nyumbani ulikuwa na visanduku bapa vinane, vile vinavyokuja na karatasi za picha. Ndani yake mlikuwa na picha mia mbili na kumi na mbili ulizozipiga kwa ajili ya gazeti. Jumapili ulizitoa, ukazipanga juu ya zulia, ukawaita watoto. Juu ya kila picha palikuwa na mistari ya kalamu nyekundu. Ulituonyesha. Mistari ile aliichora mhariri, kumwambia mpiga chapa akate wapi. Waziri alibaki ndani ya mistari. Nje ya mistari alibaki aliyemshikia kiti.

"Gazeti linamtaka waziri," ulikuwa ukisema. "Mimi namtaka huyu wa kiti. Mtazameni anavyokishika, kama kina yai."

Wote walikuwamo mle. Mchukuzi wa bandarini amelala juu ya magunia huku hotuba inaendelea. Mwanamke anasuka ukili wa mkeka kando ya njia, na nyuma yake msafara wa magari. Kinyozi ana wembe mkononi amegeuka kumtazama mwimbaji maarufu anapita, na mteja wake nusu ya kidevu ina povu. Watoto walicheka sana kwa huyo mteja. Yasir, alipokuwa na miaka kumi, aliuliza, "Baba, aliwahi kumalizwa?" Ukasema, "Alimalizwa. Nilisubiri nikamuuliza jina."

Na mimi nilikuwamo. Wete, mwaka 1959, mgeni wa serikali alipokuja kufungua mabomba ya maji. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeshika sinia ya sharubati, nimesimama pembeni kabisa. Baada ya shughuli ulinijia na kidaftari.

"Jina lako nani?"

"La nini?"

"La picha."

"Gazeti litaandika jina la mshika sinia?"

"Gazeti halitaandika. Nitaandika mimi."

Mhariri alinikata, kama nilivyodhani. Wewe ulirudi Wete mara tatu mwaka ule bila ya mgeni yeyote wa serikali, na mara ya tatu ulikuja na wazee wako.

Sasa niseme nililolibeba. Nalisema hapa mbele ya watu kwa sababu sikulisema mbele yako.

Baba yangu hakunipeleka shule. Nilisoma chuo cha Kurani, nikahitimu msahafu, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini herufi hizi ninazoandikia sasa sikuzijua. Nyuma ya picha zako palijaa alama za penseli, hesabu na mishale na maandishi ya kubanana. Siku moja, zamani, nilikuuliza ni nini. Ulikuwa na haraka ya kwenda zamu. Ukaniambia, "Hizo hesabu za mpiga chapa, upana na urefu. Kazi yake imekwisha." Nikaliweka neno hilo kichwani kwa miaka thelathini.

Mwezi wa Mei mwaka 2003 ulipata barua. Maktaba ilikuwa inakusanya picha za magazeti za zamani kutoka kwa watu waliohamia mji huu, na mama mmoja, Bi Yarrow, angekuja kuziona zako. Ulifurahi kama mtoto. Ulikwenda kunyoa. Mimi nikasema, mgeni hataona uchafu katika nyumba hii. Nilifua mapazia. Nikapika visheti. Kisha, ulipokuwa kwa Yasir ukimsaidia kupaka ukuta, nilivitoa visanduku vyote vinane.

Mistari myekundu ya mbele ilikataa kutoka. Nikazigeuza nyuma.

Raisa wa Yasir alikuwa na miaka saba, amekaa pembeni yangu. "Bibi, hiyo raba yangu ya school!"

"Nitakununulia nyingine, mwanangu."

Siku mbili, Baba Yasir. Picha mia mbili na kumi na mbili. Nilizisugua zile alama za penseli kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa nakupenda. Nilipangusa na kitambaa kikavu, nikazirudisha kwa mpango wake ule ule, nikamshukuru Mungu kwa kunipa nguvu za kumaliza.

Bi Yarrow alikuja siku ya Alhamisi. Nilikuwa naingia na sinia ya chai alipoigeuza picha ya kwanza. Akaigeuza ya pili. Akauliza, "Nyuma hakuna kitu, Bwana Suhail?"

Ulizichukua kutoka mkononi mwake. Ukaitazama moja, ukaitazama nyingine, ukafungua kisanduku kingine. Ulivua miwani ukaifuta na shati. Ilikuwa safi, nilikufutia mwenyewe asubuhi ile. Kisha ukasema, "Sikuandika kitu. Majina yamo kichwani."

Akakuomba uyaandike. Ukasema inshallah. Ukageuka ukanitazama na sinia yangu, ukasema, "Mama Yasir, visheti vyako viko wapi? Mgeni atatukimbia."

Nikaamini kwamba hukuandika. Hukuwahi kunidanganya, kwa nini nisiamini?

Mwaka uliofuata ulinishika na neno la shule ya jioni. Jumanne na Alhamisi, saa mbili kwa siku, bure. Nilikuambia mimi ni bibi wa miaka sitini na moja, nitakaa vipi kwenye dawati? Ukasema, "Utakaa kama unavyokaa kwenye basi." Ulininunulia mkoba. Siku ya kwanza ulinisindikiza mpaka kituoni na ukasimama mpaka basi lilipoondoka, nami nikaona aibu kwa sababu watu walidhani nasafiri.

Mwalimu wetu alikuwa Paramjit, mama mpole, ambaye mamake naye alisoma utu uzimani. Alinifundisha herufi kwa Kiingereza. Nilipozijua, Kiswahili kilinifungukia chenyewe. Nilirudi nyumbani nikausoma mfuko wa unga kwa sauti, nawe ukapiga makofi.

Jioni moja ya Februari 2005, Paramjit alileta darasani picha ya gazeti ya zamani ya hapa Birmingham. Wanawake wawili wauza maua sokoni, na kati yao meya amevaa mkufu wake mkubwa. Alisema, "Mbele tunaona uso. Nyuma tunajua ni nani." Akaigeuza, akanipa nisome.

Kulikuwa na hesabu za upana na urefu. Kulikuwa na mshale. Na pembeni yake, kwa penseli ile ile, kulikuwa na majina. Nilisoma la kwanza, nikasoma la pili. La tatu sikuweza. Paramjit akadhani ni gumu, akanisaidia.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Ulikuwa mezani na kalamu, kidole chako kina wino.

"Unafanya nini?"

"Fumbo la maneno la gazeti. Gumu leo."

"Umelifumbua?"

"Mawili matatu tu."

Nikaingia chumbani nikaswali, na katika sijida sikuweza kuinuka. Nilikuwa nimewafuta watu mia ngapi sijui. Mhariri aliwakata mara moja na kalamu nyekundu. Wewe ukawarudisha kwa penseli. Mimi nikawaondoa kwa raba ya mtoto, nikamshukuru Mungu.

Nilitaka kukwambia. Mungu ni shahidi, nilijaribu. Mara moja nilikaa mbele yako nikasema, "Baba Yasir, nna neno." Ukasema, "Najua, chumvi imezidi. Nishaonja." Ukacheka, na kicheko kile kikanifunga mdomo. Mara nyingine tulikuwa kwa daktari, akasema moyo wako usitiwe mashaka. Nikajiambia, ndiyo hivyo, Mungu mwenyewe amenipa udhuru. Haukuwa udhuru. Ilikuwa hofu. Niliogopa utanitazama kama ulivyozitazama picha zile siku ya Bi Yarrow.

Mwaka mzima nilikwenda shule na kurudi, na kila herufi niliyojifunza ilinionyesha zaidi ukubwa wa nililolitenda.

Ulipolazwa hospitali mwezi wa tatu, nilikaa kwenye kiti cha pembeni siku nne. Watu wetu hawaachani bila kuombana radhi. Nilikushika mkono nikasema, "Nisamehe yote niliyokukosea." Ulikuwa na barakoa ya hewa usoni, huwezi kusema. Ulinibana vidole viwili. Yasir alisema, "Mama, amekuridhia, mshukuru Mungu."

Lakini nilisema "yote" tu. Sikulitaja hili. Nilikuomba kwa jumla, kama mtu anayepita na kuwaamkia watu bila kuwatazama. Wewe hukuwahi kumwamkia mtu hivyo. Mwaka huu wote nimeuliza, kila sijida, kama radhi ya yote inalifika jambo ambalo ulimi umeogopa kulitaja. Nimemuuliza shehe. Amenipa maneno mema. Nimerudi nyumbani nikalia vile vile.

Nikiwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi bila ya kutoka, nilivitoa visanduku. Nilitaka angalau niandike wale niliowakumbuka kutokana na Jumapili zako. Nilihesabu. Vilikuwa tisa.

Kisanduku cha tisa kilikuwa nyuma ya nguo zako za baridi. Juu yake uliandika neno moja, nami nikalisoma mwenyewe, hakuna aliyenisaidia. Tayari.

Ndani mlikuwa na picha hamsini na moja. Nilizigeuza. Zote zilikuwa na maandishi, na kwa wino. Mwandiko ulikuwa wa mkono wako uliotetemeka. Uliandika kama ulivyozoea gazetini, kutoka kushoto kwenda kulia, ila wakubwa uliwaweka mwisho. "Pemba, 1961. Kutoka kushoto: Bi Mwanakheri wa Kojani, msuka ukili, aliyesema msafara umemtimulia vumbi. Nyuma yake, waziri." Chini ya kila moja uliandika siku uliyoiandika.

Jumanne, 14 Septemba 2004. Hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza shuleni. Alhamisi, 16 Septemba. Jumanne. Alhamisi. Jumanne. Nilizipanga zote juu ya zulia, na hapakuwa na siku nyingine hata moja.

Ulijua tangu siku ya Bi Yarrow. Ulijua, ukamdanganya mgeni mbele yangu ili nisiaibike, ukaomba visheti. Kisha ukangoja mwaka mzima nyumba ibaki tupu. Sijui kama ulinipeleka shule ili nisome, au ili uandike bila mimi kukuona. Wallahi sijui. Labda yote mawili. Nakuona ukinisindikiza mpaka kituoni, ukirudi nyumbani kwa miguu yako ile mizito, ukifungua kisanduku, ukiikumbuka Wete, ukiikumbuka Kojani, jina moja, mawili, matatu, mpaka usikie ufunguo wangu mlangoni.

Watu wananiambia, Mwatima, hii ni faraja. Ni faraja. Lakini tazameni na upande wake wa pili. Mimi nilijua, yeye alijua, na tulikula meza moja. Mimi nilikuwa na mkono usiotetemeka na nimeshajua kuandika. Yeye alikuwa na majina. Ningelisema neno moja tu, angekaa kwenye kiti akataja, nami ningeandika, na kwa mwezi mmoja tungemaliza zote. Kila jioni tuliyonyamaza ilikuwa na watu ndani yake. Sasa zimebaki picha mia na sitini na moja, zina nyuso mbele, na nyuma ni nyeupe kama nilivyozisafisha.

Nilizigeuza zile hamsini na moja tena na tena nikitafuta neno langu. Neno moja tu, hata la ukali. Halimo. Mna majina ya watu tu.

Baada ya eda nilianza kuwapigia simu wazee. Yasir alinipeleka Coventry, Asmahan akanipeleka Leicester. Kila mahali ni vile vile. Nikitoa picha wanapaza sauti, "Ah! Waziri yule! Balozi yule!" Nikiuliza, "Na huyu aliyemshikia kiti?" wananirudishia picha.

Mzee Norbert, uliyekuwa naye kiwandani, aliitazama picha ya bandarini mpaka chai yake ikapoa. Yeye aliwahi kuwa dereva Unguja.

"Huyu namjua," akasema.

Nikashika kalamu. "Nani, Mzee Norbert?"

"Morisi ya kijani. Ilikuwa na ugonjwa wa breki."

"Mzee, nakuuliza mtu!"

"Mtu simjui, dada yangu. Gari ndiyo naijua. Hata kelele zake nazikumbuka."

Nilicheka, nikalia, mkewe akaniletea maji. Tangu mazishi yako wazee wawili ambao pengine wangejua nao wametangulia. Mwaka mzima, nimerudisha majina ya picha tisa. Nimebakiwa na mia na hamsini na mbili. Bi Yarrow ni mvumilivu, anasema zitahifadhiwa hata bila majina. Amesema kwa wema, na mimi nikalisikia kama hukumu.

Sasa nikutajie picha ya mwisho katika kisanduku cha Tayari. Tarehe yake ni Alhamisi, 9 Februari 2006, kabla hujaugua. Ni ile ya Wete. Nyuma uliandika hivi: "Wete, 1959. Kutoka kushoto: Bwana Shaame, mpiga ngoma. Bwana Hamadi, mwenye mwavuli. Mgeni wa serikali." Halafu, "Mwenye sinia ni". Na baada ya hapo hukuandika kitu.

Mwanzo nilidhani umechoka. Asmahan aliitia mwangaza, akasema, "Mama, tazama vizuri." Ulikuwa umechora mstari. Mstari mwembamba, kwa rula, na juu yake mstari mwingine wa nukta nukta, kama katika daftari langu la Paramjit, pale tunapoambiwa herufi ndogo zisipite hapa na kubwa zifike hapa. Uliniachia nafasi, na uliipima.

Asmahan alisema, "Andika, Mama."

Sikuweza. Mkono uliofuta watu wote wale uanze kujiandika wenyewe? Niliweka nadhiri kwa Mwenyezi Mungu kwamba sitaandika jina langu pale mpaka kila mtu wa picha zile awe amepata lake. Nilidhani nimefanya jambo la haki. Picha ikakaa kwenye kabati la vyombo, mstari wako uko tupu, mwezi baada ya mwezi.

Mwezi uliopita Raisa alikuwa anatafuta bakuli. Ana miaka kumi na moja sasa, mrefu kunipita. Akaitoa picha, akaigeuza, akasoma. Anasoma Kiswahili kwa kujikwaa lakini anasoma.

"Bibi, who is this? Huyu girl wa sinia. Hana jina."

Nilikuwa nimesimama mbele yake. Alinitazama mimi, akaitazama picha, akanitazama tena, na hakunijua. Mjukuu wako, Baba Yasir, katika nyumba yangu mwenyewe.

Nilikwenda kuswali. Na katika sala ile, kwa mara ya kwanza katika mwaka huu, sikuomba radhi. Niliuliza tu, ni watu wangapi nimeshawafuta, na mmoja ninayeweza kumrudisha leo nimemwacha nje kwa sababu gani?

Nilimpigia shehe. Akasema nadhiri inayokuzuia kheri haikufungi, toa kafara uandike. Nimepika pilau ya watu kumi, Yasir akaipeleka kwa wale wanaolala nje mjini. Akarudi akasema mmoja aliuliza nani kapika. Nikamuuliza, na wewe ulimuuliza yeye ni nani? Akasema ndiyo, anaitwa Colin.

Leo asubuhi baada ya alfajiri nilikaa mezani kwenye kiti chako. Nilitumia kalamu yako ya wino. Herufi kubwa ilifika ilipoambiwa ifike, na ndogo hazikupita. Jina langu limetosha katika mstari wako, halikuzidi wala halikupungua.

Sijui kama hii ndiyo radhi niliyokuwa naitafuta. Namwachia Mungu. Najua tu kwamba uliniachia kazi, na kwamba uliamini nitaweza kuisoma.

Ndugu na jamaa, hitma itasomwa nyumbani kwetu Washwood Heath, Jumapili tarehe 18 Machi, baada ya sala ya adhuhuri. Chakula kipo. Picha mia na hamsini na mbili zitakuwa juu ya meza. Mzee yeyote aliyekaa Unguja au Pemba miaka ile tunamuomba aje, hata akiwa na wasiwasi, hata akimjua mtu mmoja, hata akijua jina la utani tu. Na kama mama yako aliishi huko miaka ile, mpigie simu umuulize leo, usingoje. Kalamu zitakuwapo. Penseli nimeziondoa.

Mola wetu, huyu ni mja wako Suhail bin Mkubwa. Aliwauliza watu majina yao. Mpokee kwa jina lake, na uwarehemu wote aliowaandika, na wote niliowafuta mimi, ambao kwako Wewe hawajafutika.

Tulipiga picha wiki iliyopita, Baba Yasir, mbele ya mlango, nami nimeshika sinia, pale kwenye mwanga uliokuwa ukiupenda. Raisa ameandika nyuma nilivyomtajia, kwa wino:

Washwood Heath, Machi 2007. Kutoka kushoto: Yasir Suhail, mwanao. Asmahan Suhail, binti yako. Raisa Yasir, mjukuu wako. Mwenye sinia ni Mwatima binti Ame, mkeo.

Tutakukumbuka siku zote tulizobakishiwa.